Lifti Haikopeshi

Katika jengo letu la ghorofa kumi na moja, huku Tbilisi,
lifti ina kisanduku cha bati chenye mdomo mwembamba.
Usipokilisha, hapandi mtu.
Hakiulizi kama u mgonjwa, kama umebeba gunia la viazi.
Hakijui "nitakutumia kesho",
hakijui "kadi anayo mke wangu".
Tetri kumi kwanza, kisha nyaya zinaguna.

Nimeishi nacho miaka kumi na minne
nisijue kuwa kinasomesha.

Mimi huandika maneno ya kubandikwa mgongoni mwa chupa,
yale ambayo mnywaji huyasoma
akimsubiri mwenzake atoke msalani.
Bwana Anzori alipiga simu katikati ya mavuno,
nyuma yake nyigu wakivuma juu ya zabibu.
"Maneno kama ishirini hivi, Darejani. Ishirini!
Kwako wewe ni kupiga chafya."
Nikasema lari mia tatu.
Kabla hajavuta pumzi, nikasema tena: "Au mia mbili."
Na hakuwa ameomba!
Ulimi wangu huu,
mkarimu kwa mali ya tumbo langu.

Siku tisa.
Nilipanda basi hadi kwake Kakheti, nikainama juu ya mtungi
uliofukiwa ardhini hadi shingoni, nikanusa.
Nikafuta "utamu wa asili". Nikafuta "urithi wa mababu".
Nikamwuliza mama yake nani aliuzika.
Yaliyobaki ni haya:

*Mtungi huu aliuzika mjane, mwaka wa mvua ya mawe.
Hakulia. Aliufunika, akaenda kukamua ng'ombe.*

Anzori aliniambia amelia.
Chozi, hata hivyo, halina tarakimu.

Oktoba: Jumatatu.
Novemba: Jumatatu nyingine.
Desemba, mhasibu alikuwa kwenye ubatizo.
Januari, sherehe; huku kwetu mwaka mpya huingia mara mbili,
na mara zote mbili mhasibu yuko mezani.
Nami nikiandika ujumbe, nikianza na "samahani".
Samahani ya nini? Mdai ndiye anayenyenyekea,
mdaiwa yuko mezani anainua glasi.

Februari akaja mpwa wake na dumu la divai, lita ishirini.
"Mjomba anasema sasa mko sawa."
Akaondoka, gari halijazimwa.

Nikalivuta dumu hadi kwenye lifti.
Nikapapasa mfuko wa kulia. Wa kushoto. Mkoba.
Maneno yangu yako kwenye chupa elfu nne,
na mimi sina tetri kumi.
Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tisa,
nikipumzika kila kituo kama mzee wa posta.
Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga.
Mbona matanga nimekaa mimi?

Machi, daktari wa meno alitaka maneno ya ukuta wake.
Nikataja bei. Nikasema, "Nusu kwanza."
Kimya.
Nilisikia friji yangu. Nilisikia ulimi ukijiandaa
kutoka na punguzo lake mkononi.
Nikauuma.
"Nitafikiri," akasema. Bado anafikiri.

Lakini Bi Tsiuri, muuza jibini, hakufikiri.
Nusu iliingia kabla chai yangu haijapoa.
Nilishuka kununua mkate ambao sikuuhitaji,
nikabadilisha noti, nikapanda,
sarafu ikalia ndani ya bati, mlango ukafunga.
Nilipofika juu nikashuka tena.

Divai ya Anzori, kwa bahati mbaya, ni nzuri.
Inasimama jikoni ndani ya dumu lisilo na lebo.
Jana nimeliandikia moja, bure, kwa mara ya mwisho:

*Lita ishirini.
Lari mia mbili.
Bado.*